Wote Wazima

Jumatatu, 4 Novemba

Mwaka na miezi tisa tangu niondoke nyumbani. Kazi ile ile. Asubuhi natoa maranda machafu kwenye vizimba, natia masafi, naosha chupa za maji, napima panya mmoja mmoja kwenye mizani. Panya weupe, wadogo kama kidole gumba cha mtu mnene. Nilipoondoka niliwaambia watu nimepata kazi ya utafiti. Si uongo. Utafiti upo, mimi nashika ufagio wake.

Kaka kapiga simu mchana. Baba hainuki tena kitandani. Akizinduka anauliza swali moja tu, kijana kafika? Wanamjibu yuko njiani. Kaka akaniuliza na mimi, eti mdogo wangu, uko njiani? Nikamwambia nusunusu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Msimamizi kuomba likizo. Msimamizi ana mwili wa mlango na sauti ya honi, lakini panya anawaogopa kama nini. Chumba baridi haingii. Huchungulia kwenye kioo cha mlango, basi. Akasema likizo ni moja kwa sasa, tiketi juu ya ofisi, na tunaoitaka ni wawili, mimi na Tanuri. Tanuri ndiye anayechoma takataka na mizoga huko nyuma, na ndiye ninayelala naye chumba kimoja, kwa bahati mbaya. Yeye anataka kwenda kuoa. Mimi nina baba anayekata roho. Msimamizi akasema hapimi shida za watu, anapima kazi ya Daktari. Daktari anasafiri kesho kwenda mkutanoni, anarudi Jumamosi. Akirudi akawakuta panya wote wazima, likizo ni yangu. Nikauliza, wote wazima? Akasema wote, asikosekane hata mmoja. Tukapeana mkono.

Baadaye nikakaa kufikiri. Kwetu mtu akisema wazima, ana maana hawaumwi. Lakini kila kazi ina lugha yake! Chumba baridi tangu wiki iliyopita hatuna neno ila kuzima. Daktari amepunguza chakula na kushusha joto la chumba. Panya anajikunja, mwili unapoa, anapumua mara mojamoja, ukimshika ni kama kokoto ya mtoni. Hapo tunasema kazima. Mwingine bado hajazima. Kwa hiyo wazima ni waliozima. Haihitaji shahada.

Mpaka leo hawafiki hata nusu. Nina mpaka Jumamosi kuwazima wote.

Jumanne, 5 Novemba

Daktari kaondoka. Kabla gari halijamfuata nilimbana kwa maswali, nikijitia mwanafunzi. Alifurahi, maskini. Ni mama mpole, hakuna anayemuulizaga kitu.

Akasema mnyama mdogo ni kama sufuria ndogo, hupoa upesi. Kujipasha moto kutwa kunamla. Chakula kikiwa haba, mafuta ya mwilini yanapungua, na mafuta hayo ndiyo yanayotoa homoni ya shibe. Hiyo hupita kwenye damu ikitangaza tunacho, tunacho. Tangazo likififia, tumbo nalo hutoa homoni ya njaa, inatangaza hakuna, hakuna. Mwili ukisikia hivyo unashusha moto. Saa kadhaa tu, kisha panya anaamka mwenyewe. Akasema pia dume lenye homoni nyingi ya kiume halizimi kirahisi, mawazo yake yako kwingine. Nikamwambia hilo nalijua, nalala chumba kimoja na Tanuri.

Kuna wenye mikia myekundu, aliwapaka wino. Hao wanachomwa kila asubuhi sindano ya homoni ya shibe. Mafuta hawana, chakula ni kile kile haba, lakini damu inatangaza tunacho, basi hawazimi. Wanajiona wameshiba na huku njaa inawaua. Hata hicho kidogo wanachowekewa wanakibakiza.

Nikamuuliza, na mtu je? Akacheka. Akasema mtu hana hiyo, mtu akipoa hivyo ndiyo kwaheri.

Halafu akanishika bega, akasema nisikilize vizuri. Kuzima si kazi, kazi ni kuamka. Kuamka kunakula akiba. Panya asiyebakiwa na mafuta hata chembe hawezi kujiwasha tena. Kwa hiyo chakula kisipunguzwe chini ya pale alipopunguza yeye. Nikaitikia kwa heshima zote.

Sindano alimwachia Msimamizi. Msimamizi akaniachia mimi, ameshika boksi kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa nyoka.

Mahesabu yangu ni mepesi. Chakula kidogo kimezima karibu nusu. Kidogo cha kidogo kitazima wote. Nimeshapunguza. Dawa ya sindano nimeimwaga kwenye sinki.

Jumatano, 6 Novemba

Mambo yanakwenda! Mikia myekundu imeanza kulegea. Asubuhi walikuwa wanapanda nyavu, mchana wamejikunja kwenye kona. Niliwapapasa. Baridi safi.

Tatizo ni madume. Yamekonda mpaka masikio yanaonekana makubwa, lakini yanatembea tu huku na huku, pua juu. Kwa nini? Kwa sababu majike wako kizimba cha jirani! Harufu! Hata mimi ningeshindwa kulala.

Tanuri akaja na mfuko wake wa mizoga. Akauliza, Baba Panya, leo huna marehemu? Nikamwambia sina marehemu, nina waliolala. Akasema nikimaliza kuwabembeleza panya nimfulie na yeye soksi za harusi. Kila mtu korido nzima akacheka. Wiki ijayo niko nyumbani, yeye atabaki hapa na moshi wake.

Kaka kapiga tena. Baba hali. Uji anaugeuzia uso. Miguu imekuwa ya baridi, wanaisugua haipati joto. Kutwa analala, anapumua mara mojamoja. Sauti ya kaka ilikuwa inakatika.

Mimi sikuwa na huzuni. Nilikuwa nahesabu dalili. Hali, miguu baridi, analala, anapumua mara mojamoja. Nikamwambia kaka, baba kazima! Akaguta upande wa pili, akidhani nimepewa habari na mtu mwingine. Ilinichukua muda kumtuliza. Nikamweleza habari za mafuta na moto. Nikamwambia msimlazimishe uji, msimsumbue, mwili unabana matumizi unisubiri mimi. Kaka akauliza nimesoma wapi hayo. Nikamwambia ni utafiti.

Najua Daktari kasema mtu hana hiyo. Lakini Daktari hamjui baba. Baba alikuwa anapunguza utambi wa taa wageni wakiwa bado wanakula. Kama kuna binadamu mmoja duniani anayeweza kujishusha moto ili asipoteze kitu, ni yeye.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimevumbua! Dawa ya harufu ni sabuni. Nimewaogesha majike wote, mmoja mmoja, kwenye beseni, sabuni ya unga na maji ya bomba. Mmoja aliniuma kwenye kiungo cha kidole. Wengine walikubali.

Na hapo ndipo nilipoona maajabu. Jike aliyelowa, ukimrudisha kwenye baridi, anazima hapo hapo. Hata sijafunga mlango wa kizimba! Anatetemeka kidogo, anajikunja, kwisha. Daktari kasomea miaka mingapi na hili halijui? Nikawaza, kama maji yanazima majike, madume wana nini cha zaidi? Nikaogesha madume. Nikaogesha na mikia myekundu. Wino umetoka, sasa simjui nani ni nani, lakini mtu aliyezima hahitaji kutambulishwa.

Kufika saa za kufunga kazi, chumba kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Kawaida kuna mikwaruzo, kuna vichupa vinagongwa. Leo ni mashine ya baridi peke yake. Nikasimama katikati na mikono yenye povu, nikajisikia kama mwenye nyumba.

Kuna jike mmoja wa kona, amezima tangu jana asubuhi na hajaamka hata mara moja. Wenzake huamka mchana. Huyu amewapita wote. Mwanafunzi bora. Nimemsogeza mbele ili Daktari akiingia aanze naye.

Tanuri alipita, akanusa, akasema yule wa mbele ananuka. Nikamwambia ni sabuni. Akambonyeza kwa kidole. Akaniangalia, akamwangalia panya, akaniangalia tena. Akasema yeye kazi yake ni kuchoma, si kupima. Akaondoka anapiga mluzi. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku kubwa.

Daktari alimpigia Msimamizi kutoka mkutanoni kuulizia panya. Msimamizi akaja mbio mpaka kwenye kioo, simu sikioni, akapaza sauti, vipi humo, wazima? Nikainua dole gumba. Nikamjibu kwa sauti ile ile, wote wazima! Akauliza, wote kabisa? Nikamwambia wote, hakuna hata mmoja anayetikisika. Nadhani maneno ya mwisho hayakupenya kioo. Akamwambia Daktari wote wazima. Kisha akanipaazia shukrani za Daktari kupitia kioo. Eti Daktari kasema yule kijana ashukuriwe, kwa wengine humfia panya wawili watatu kila akisafiri, huyu kamtunzia wote.

Humfia? Neno hilo lilinigusa kidogo. Nikalipuuza. Mambo ya simu.

Msimamizi akanisainia likizo pale pale, karatasi imebanwa kwenye kioo cha mlango. Gari Jumapili asubuhi. Tanuri alikuwa anasikia yote. Akanipa mkono. Akasema kwa heri Baba Panya, salimia wazee. Akasema kama mtu anayemaanisha, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Nimefunga mzigo. Nimemnunulia mama kitambaa na baba blanketi zito, la rangi ya majivu kwa sababu jeupe atalalamika linachafuka.

Nikapiga nyumbani. Kaka akasema wamemwacha kama nilivyosema, hawamlazimishi, lakini mama hakubali. Mama anakaa ameikumbatia miguu ya baba tumboni mwake kuipasha. Nikasema mama anaharibu, baba akipata joto atatumia akiba! Kaka akasema polepole, mdogo wangu, huyu ni baba, si panya. Nikamwambia sikusema ni panya.

Akamwekea baba simu sikioni. Nikasema, baba, Jumapili napanda gari. Nilisikia pumzi. Nikarudia, baba, nakuja. Akasema kitu. Ilibidi kaka ayarudie maneno yake. Baba kasema nisikimbie, nitajikwaa.

Mnaona? Mtu aliyezima anazinduka na kusema jambo la akili kama lile! Nimelala mchana huu kidogo, nimeota nimefika, mlango uko wazi.

Jumamosi, 9 Novemba

Siandiki mengi.

Daktari alikuja moja kwa moja kutoka safarini, begi bado begani. Msimamizi nyuma yake, akaishia kwenye kioo. Nilikuwa nimevaa koti safi. Nikafungua mlango mimi mwenyewe, kama mfungua sherehe.

Aliingia, akasimama. Akasikiliza. Akauliza mbona kimya. Nikasema wote wazima, Daktari. Akamwinua yule jike wa mbele, mwanafunzi bora. Akamweka kiganjani. Akamgeuza. Akamrudisha chini taratibu sana. Akamshika wa pili. Akamshika wa tatu. Akaanza kukimbia. Sijawahi kumwona akikimbia, ni mtu wa umri wa mama yangu mdogo. Akazima mashine ya baridi, akavuta taa za joto, akanitaka nilete taulo, akawa anawasugua mgongo kwa kidole kimoja. Nikamsaidia. Tulikaa hivyo mpaka jua likageuka upande wa pili wa dirisha.

Wachache waliamka. Ungeweza kuwaweka wote kwenye kofia moja. Waliobaki hawakuwa na kitu cha kujiwashia. Unaona panya anaanza kutetemeka, anajaribu, kama pikipiki iliyoishiwa mafuta, anajaribu tena, halafu anaacha.

Daktari alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakufoka. Akaniuliza ni nani aliyeniambia niwazime. Nikamwambia ni wewe, Daktari, kupitia Msimamizi. Umesema wote wawe wazima. Akauliza, mtu akikupigia simu kutoka kwenu akakuuliza, mzima wewe? Unamjibu nini?

Nikasema namjibu mimi mzima.

Akasema basi.

Huko kwenye kioo Msimamizi alikuwa anapiga kelele lakini mdomo tu ndio uliokuwa unaonekana. Tanuri akaja na mfuko. Hakupiga mluzi. Ilibidi arudi kuchukua mfuko wa pili.

Likizo imefutwa. Kapewa Tanuri.

Jumapili, 10 Novemba

Tanuri kaondoka na gari langu. Alitaka kuniachia redio yake. Nikakataa. Kaiacha hivyo hivyo juu ya kitanda.

Sikupiga simu nyumbani. Nilipanga kuwaambia gari limeharibika, kisha daraja limekatika, kisha kuna homa ya mlipuko, barabara zimefungwa. Nilikuwa bado nachagua uongo upi ni mzuri kaka alipopiga yeye.

Baba kafariki jana asubuhi. Wamemzika jana hiyo hiyo alasiri. Hawakunisubiri kwa sababu walijua ningefika Jumatatu, na mama akasema asikae. Ijumaa baada ya kuongea na mimi alikataa hata maji. Akasema anatunza akiba. Kaka anadhani neno hilo kalipata kwangu, simu ikiwa sauti ya juu kando ya kitanda, aliponisikia nikieleza habari za akiba. Mama alimpasha miguu mpaka mwisho.

Nikamuuliza kaka, asubuhi alikuwaje? Akasema baridi. Nikamuuliza, baridi ya namna gani? Akasema namna gani ipi, baridi. Nikamuuliza kama walimchunguza pumzi kwa muda mrefu, maana wengine wanapumua mara mojamoja sana. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyemwekea taa ya joto. Nikamuuliza walisubiri kiasi gani kabla ya kumzika.

Kaka akakata simu.

Nikampigia tena. Akapokea mama. Alikuwa anapumua tu. Na mimi nikawa napumua tu. Salio langu likaisha hivyo.

Blanketi nimelifungua. Ni zito kweli. Nimejifunika mimi, mchana, na viatu miguuni.

Jumanne, 12 Novemba

Msimamizi kaniita. Nilidhani nafukuzwa, nikafurahi nusu. Akasema hanifukuzi, maana akinifukuza itabidi anirudishe kwetu, na hataki kunipa raha hiyo. Utafiti unaanza upya. Waliosalia watazalishwa. Nitawalea mimi, chini ya jicho lake, nyuma ya kioo. Wakishakua wote na uzito kamili, Daktari akaridhika, ndipo tutazungumza habari za likizo. Nikamwomba anieleze neno kwa neno, bila mafumbo. Akasema wakue! Wanenepe! Kwenu mnaelewa kunenepa?

Hilo nimelielewa. Hapa hakuna maana mbili.

Daktari anasema kukua kwao kutachukua miezi, si kitu cha kuharakisha, wapewe chakula cha kawaida na utulivu. Ni mama mwenye subira. Mimi baba yangu hana subira hiyo.

Nimekaa na ndoo yangu nimefikiri. Kinachonenepesha ni nini? Shibe. Shibe iko wapi? Iko kwenye boksi la sindano, nyuma ya friji, nimeona jingine halijafunguliwa! Nilimwaga lile la kwanza, hili sitafanya ujinga huo. Kila mama na kila mtoto atachomwa shibe asubuhi na jioni. Damu itakuwa inatangaza tunacho, tunacho, mchana kutwa. Mtu aliyeshiba namna hiyo anakosaje kunenepa? Kwa mahesabu yangu watakua nusu ya muda anaosema Daktari. Sitamwambia. Nataka ashangae.

Nimekopa simu ya mlinzi nikamtumia kaka ujumbe, kwa kuwa akiona namba yangu hapokei. Nimesikia wanataka kuweka saruji kaburini. Nimewaomba wangoje. Mimi ndiye ninayejua namna ya kupima mambo haya, nije kwanza nihakikishe. Saruji isimwagwe mpaka nifike. Nafika mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Ikichelewa sana, wa pili.